Solo Iliyotoka Yenyewe

Singida, 14 Septemba 1993

Kaka Amri, shikamoo.

Hapa hatujambo. Mama anapepeta uwele na anakusalimu sana.

Kanda uliyonitumia nimeisikiliza hadi utepe umelegea. Kila asubuhi nilipiga kwa tarumbeta ya bendi ya kiwanda zile noti tano ulizonifundisha, kupanda na kushuka, kisha nikaiga solo ya kwenye kanda kipande kwa kipande. Jumamosi nikapiga solo ambayo sikuiiga kwa mtu. Ilitoka yenyewe. Mke wangu Rahma aliacha kufua akauliza, "Hiyo iko kwenye kanda gani?"

"Haiko popote," nikamjibu.

Jumatatu wakaja watu wa mmiliki mpya wa kiwanda chetu cha mafuta. Bendi ya kiwanda imevunjwa, na vyombo vyote ni mali yake. Niliwaomba waniachie tarumbeta. Mmoja akasema kwa upole, "Ndugu yangu, hata sisi tumetumwa." Wakaipakia kwenye gari.

Tangu hapo vidole vyangu vinapiga juu ya goti. Ile solo imeanza kunipotea, kaka, na sijui niishike kwa kitu gani.

Mimi mdogo wako,
Luqmani