Kipimo Kwenye Msumari

Jumatatu, 4 Machi

Tumeshinda! Baada ya miaka ya makala zangu, matusi na vitisho vya wakili wa kampuni, leo kila mchimbaji wa mgodi wa urani amepewa kipimo cha mionzi – kidude cha plastiki cha kubandika kifuani kabla ya kushuka. Meneja akahutubu kwamba kampuni imejali usalama siku zote. Sikumrushia kiti. Naona uzee unaingia.

Jumapili, 17 Machi

Nimekula kwa mama. Kipimo cha mdogo wangu kinaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha mama, kando ya picha ya marehemu baba. Nikauliza. Mdogo wangu anasema kikionyesha mionzi mingi watamtoa chini akafagie ofisi kwa mshahara mdogo. Basi kidude kinashinda nyumbani, yeye anashuka kifua wazi. Wenzake wanaacha vyao kabatini kazini. Nilimhubiria mpaka chakula kikapoa. Mama akasema nilikuwa hivi hivi kabla sijaota meno.

Jumatano, 12 Juni

Vipimo vimesomwa. Vya wachimbaji wote viko chini. Kimoja tu kimevuka kiwango – cha mdogo wangu! Wameshamkabidhi ufagio. Akanipigia simu.

"Dada, kidude chako kinadanganya. Hakijashuka mgodini hata siku moja."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Alhamisi, 13 Juni

Nyumba ya mama. Baba aliijenga kwa mawe ya mgodini. Kampuni iliyagawa bure, mtaa mzima ukashukuru. Baba alikufa kwa kifua. Tukalaumu sigara.

Makala iko tayari kichwani, kali kama pilipili. Ila lazima iseme kipimo kililala wapi, na mdogo wangu atafukuzwa hata kwenye huo ufagio. Nikinyamaza, mtaa utaendelea kulala ndani ya mawe hayo.

Jumapili, 16 Juni

Nimemweleza mdogo wangu. Akatazama ule msumari.

"Andika, dada. Ila kwanza tumtoe mama."

Mama hatoki. Ukuta huu umemsitiri tangu alipoolewa, leo aambiwe unamuuma? Akapanda kitandani, akakunja miguu. Tukaamua kumbeba na kitanda chake hadi barazani, wakati tunatafuta mahali pengine.

Kimekwama mlangoni. Mdogo wangu yuko ndani, mimi nje, nimekaa kizingitini naandika. Mama yuko juu, katikati, ametulia kama bibi harusi. Ameuliza, kwa upole kabisa, kama baraza nayo si ya mawe yale yale.

Ni ya mawe yale yale.