Tulikuja Ziwani na Sikukwambia

Nyumba za Kiwandani,
Mlango wa kumi na nne.
Tarehe 9, mwezi wa nane.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limepungua maumivu. Bado unalipaka ile dawa ya kuchua, au umeshaiacha kwa sababu inanuka? Shemeji naye, kifua chake kinaendeleaje na upepo wa mwezi huu? Na wale kuku weusi uliosema wamezubaa hawali, wamechangamka?

Huku hatujambo. Baba watoto yupo, mgongo unamsumbua kidogo ila kazini anakwenda. Kitinda mimba yale meno mawili ya mbele yaliyong'oka yameota mapya kwa mpigo, sasa anacheka kila saa ili tuyaone. Mimi mwili ni mzima. Nasema mwili, maana roho siyo nzima, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningeanza kulia kabla hujaitikia, tungeishia hapo. Mwandiko wangu unaujua, unapanda na kushuka. Vumilia tu, usimpe mtu akusomee.

Dada, mwezi uliopita tulikuja ziwani.

Haya, nimeshaliandika. Tangu chai ya asubuhi nalitafuta pa kuliweka. Tulikuja mimi, baba watoto na mabinti wote wawili, pamoja na wakwe zetu watarajiwa, tukakaa siku nne, na nyumba yako ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Unajua tayari, maana uliniona kwa macho yako. Lakini nataka uyapate yote tangu mwanzo, kwa mkono wangu mwenyewe, usije ukayapata vipande vipande kwa watu.

Ilianza hivi. Binti yetu mkubwa, kama nilivyokwambia, amechumbiwa. Mama wa mchumba wake ni mwalimu mkuu, na sisi nyumbani tunamwita Mwalimu tu. Ni mwanamke mpole wa maneno machache, viatu vyake havijui vumbi. Tukaona kabla ya harusi tupumzike pamoja siku chache, familia mbili zizoeane. Kila mtu akasema ziwani. Halafu wote wakanigeukia mimi: mama achague pa kukaa, mama anashona makava ya magodoro kiwandani, kitanda anakijua.

Nilichagua wiki nzima. Unanijua. Binti anashika simu, ananisomea, ananionyesha picha, mimi natafuta kasoro. Kulikuwa na vibanda vilivyojengwa kwa nguzo juu ya maji. Nikapiga simu kuuliza kama mbao za sakafu zimeachana kiasi cha mguu wa mtoto kupenya. Yule msichana wa mapokezi akauliza mtoto ana umri gani. Nikamwambia saba.

"Mama, wa miaka saba mguu haupenyi."

"Na akitembea usingizini?"

Akacheka, nikakata simu. Kulikuwa na mahema pia. Nikasema mtu mzima kama Mwalimu atambae ndiyo aingie kulala? Mahema hapana.

Baba watoto alikuwa ananisikiliza huku anakata kucha. Akasema, "Sasa unajisumbua nini? Kwa shemeji kuna chumba cha uani na uwanja wote ule. Kila mwaka anatuita, kila mwaka tunasema mwakani." Ni kweli, dada. Na mwaka huu ulikuwa umetuita mapema kuliko miaka yote.

Nikamwambia mmesafiri.

Nikaongeza kwamba wewe na shemeji mmekwenda mbali kwa daktari wa goti na haijulikani mtarudi lini. Sikupepesa hata jicho. Alikupa pole, akaendelea na kucha zake.

Mwanzoni nilijidanganya kwamba ni kwa ajili ya choo. Nilikuwa nimemwuliza Mwalimu anapenda tufikie mahali pa namna gani, akanijibu, "Popote, mama, mradi pawe pasafi." Neno hilo likanikaa kichwani halitoki. Nikaanza kuiona nyumba yako kwa macho yasiyokuwa yangu. Nikaona choo cha nje na mlango wake wa bati unaofungwa kwa kamba. Nikaona kuku wanavyoingia jikoni kama wapangaji waliolipa, na sufuria ulizozianika juu ya ukuta. Nyumba iliyonilea hiyo, nami naikagua kama bwana afya.

Lakini si choo, dada. Choo wangekizoea. Niliogopa mdomo wako.

Siku Mwalimu alipofika kwetu mara ya kwanza aliniuliza nilisomea wapi. Swali la kupitisha muda tu, chai ikipoa. Nami nikamtajia ile sekondari ya wasichana yenye ukuta mweupe, ile ambayo mimi na wewe tulikuwa tukipita nje yake na ndoo zetu. Akasema, "Wametoka wanawake wa maana pale." Nikaitikia kwa kichwa kama mmoja wao. Sasa wewe, mgeni hajamaliza maji ya kunywa, umeshamsimulia nilivyotoroka darasa la tano kwa kuogopa hesabu za kugawanya, nikajificha siku tatu kwenye banda la kuku na wewe unadhani nipo shule. Unaisimulia kwa mapenzi, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi hucheka nao. Ila mbele ya Mwalimu nisingeweza kucheka.

Wewe uliacha shule ili mimi niende. Nikaenda mpaka la tano. Hilo ndilo nililokuwa naficha, nikakuficha na wewe pamoja nalo.

Basi nikatafuta nyumba ya wageni upande wa pili wa mji, mbali na soko lenu, mbali na njia zako zote ninazozijua. Binti akanisomea: vyumba vinane, vyandarua, maji ya moto, bustani mpaka ufukweni, na asubuhi mayai ya kienyeji ya siku hiyo hiyo. Nikasema hapo hapo. Mayai nilijua unauzia majirani, sikujua kama umefika mpaka kule. Tulipofika nikaminya magodoro yote, yalikuwa mazuri, hayajabonyea katikati. Mwalimu akanisifu kwa kujua kuchagua. Siku ile nililala nimeridhika na nafsi yangu.

Asubuhi yake ndiyo ile. Watoto walikuwa wameshakimbilia majini pamoja na mchumba wa binti. Mezani tulibaki watatu, mimi, baba watoto na Mwalimu. Mlango wa nyuma wa jikoni ulikuwa unapakwa rangi, kwa hiyo mleta mayai akapitishwa katikati ya ukumbi. Kwanza niliona trei zimepangana. Kisha nikaona kitambaa cha kichwani. Kisha nikakuona wewe.

Baba watoto akaanza kuinuka, uso umemchangamka, "She..." Nikamkanyaga chini ya meza. Kwa kisigino, dada, kwa nguvu zangu zote. Akakaa.

Ukatutazama. Ukasema, "Habari za asubuhi, wageni wetu." Nami, mbele ya Mwalimu, nikakujibu, "Nzuri, mama."

Nilikuita mama kama mtu anavyomwita asiyemjua! Wewe uliyekuwa unanifunga vifungo vya sare. Hata shikamoo nilikunyima, na yule mzee wa karanga pale kituoni huwa nampa kila siku.

Hukutikisika. Ulisema, "Karibuni sana, leo maji yametulia," ukaendelea na trei zako mpaka jikoni bila yai moja kugongana na jingine. Heri ungezimwaga. Heri ungenitukana matusi ya nguoni pale pale, nisingekuwa na la kusema.

Mwalimu akakufuata kwa macho. Akasema, "Mama yule ana utulivu wake. Ukimtazama tu unajua amelea watu."

Nikasema, "Labda."

Baba watoto aliondoka mezani bila kuaga. Unajua alikukuta getini unafunga trei tupu kwenye toroli, na unajua ulimwambia nini. Mimi nimekuja kuyajua baada ya siku mbili, maana kabla ya hapo hakunisemesha neno. Nikamsikia anayatoa kwa shida, uso ameugeuzia dirishani: "Alisema, mwache ale kwanza, shemeji. Mayai yakipoa hayana utamu."

Sikuyala. Niliyasogeza sogeza kwenye sahani mpaka yakaja kuchukuliwa.

Na usidhani sikupata nafasi ya kuja. Mchana ule ule nilivaa viatu mara mbili. Mara ya kwanza nikavivua. Mara ya pili nilitembea mpaka lile duka la kona wanalouza nyavu, nikauona mwinamo wa kwenda kwako, nikageuka. Waliponiuliza nilikotoka nikasema nimekwenda kutafuta dawa ya meno, wala mkononi sikuwa na kitu.

Tuliporudi nyumbani baba watoto akaniambia, "Mimi sisemi. Utasema wewe." Nikaanza na binti mkubwa. Tulikuwa tunakunja shuka, yeye ameshika ncha zake, mimi zangu, nikaona nikizishika vizuri sitaanguka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza taratibu, wala si kwa ubishi, "Mama, na mimi nikishaingia kule kwa kina Mwalimu, siku wakija wageni wao wakubwa, wewe nikufiche wapi?"

Tukamaliza kukunja shuka.

Kesho yake niliomba ruhusa kiwandani nikaenda shuleni kwa Mwalimu. Nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na wazazi walioitwa kwa utundu wa watoto wao. Mama mmoja akaniuliza wangu amefanya nini. Nikamwambia amedanganya. Akasema, "Afadhali, wangu amevunja dirisha."

Nilipoingia nilimweleza yote, macho yangu yapo kwenye ukingo wa meza yake. Nilimwambia ukuta ule mweupe niliuona kwa nje tu. Nilimwambia darasa la tano. Nilimwambia yule mama wa mayai ni dada yangu wa tumbo moja, na kama amelea watu, basi wa kwanza ni mimi. Akafunika kalamu yake, akaiweka mezani. Kisha akaniuliza jambo moja tu.

"Na yeye umeshamwambia haya?"

"Bado."

"Basi umebisha mlango usio wenyewe, mama. Nenda kule kwanza, halafu wewe na mimi tutazungumza."

Hakunifukuza, wala hakunifariji. Anafikiri nini juu yetu sijui, na harusi itakuwaje sijui. Binti anasema nisijali ya harusi, lakini namwona anavyoitazama simu yake.

Kwa hiyo, dada yangu, sikualiki harusini. Sina mdomo wa kukualika popote. Wala sikuombi unisamehe kwa barua, maana hapa najificha tena. Naandika nimejifungia chumbani, hakuna anayenitazama, na kukukana nilikukana mbele za watu.

Nitakuja Jumamosi, kwa basi la kwanza, peke yangu. Baba watoto alitaka kunisindikiza, nikamwambia huu si mzigo wa kusaidiana kubeba. Safari hii sijatafuta pa kulala, sijapiga simu kokote, sijauliza godoro. Usifagie, usipike, usimsumbue shemeji avae shati. Ukiona moyo hautaki, usinifungulie. Basi la kurudi lipo saa nane, nitalipanda, na Jumamosi inayofuata nitakuja tena. Nitakachofanya ni kubisha tu. Na ukiuliza kutoka ndani ni nani, nitajibu kwa sauti ya kufika mpaka kwa jirani na kwa jirani wa jirani, kwamba ni mdogo wako, mtoto wa mama yako, nimekuja kwako.

Nisalimie sana shemeji, mwambie nimemzulia safari ambayo hakwenda, anisamehe na hilo. Nisalimie na yule jirani yako mshona viatu. Binti mkubwa amesema nikuandikie kuwa shikamoo yake ni yake peke yake, isichanganywe na salamu zangu. Kitinda mimba hajui lolote katika haya. Anauliza tu kama mama mkubwa ana kuku wanaodonoa watoto. Baba watoto anakuamkia, na kidole chake cha mguu kimeshapona.

Mungu akuondolee maumivu ya goti, akupe usingizi uliotulia kuliko wangu, na akuweke mpaka nifike.

Mimi ni mdogo wako akupendaye, ingawa naona haya kuliandika neno hilo kwako.