Oili Uliyomwaga Ilikuwa Mpya

Baba,

Usiwashe gari, halina oili hata tone. Beseni lenye oili iliyomwagika nimelisukuma uvunguni mwa gari, usilimwage mtaroni. Chai iko kwenye chupa. Dawa umeze ukishakula.

~~Funguo nimeondoka nazo.~~ Funguo ziko kwenye msumari wake.

Naenda kazini kwa miguu na bado nimeudhika. Oili ile tuliibadilisha Jumamosi, mimi chini ya gari, wewe kwenye kigoda ukinielekeza. Leo asubuhi nakukuta umeshafungua nati, imemwagika yote, nami nikafoka mpaka jirani akachungulia. Ukanijibu polepole, "Nilitaka ukute tayari, mama." Hukukumbuka kabisa. Umefanya ufundi magari miaka arobaini, halafu mimi nakufokea kama mtoto mdogo. Nimekosa, unisamehe. Lakini Baba, leo umenichosha kweli.

Nitarudi saa kumi na oili nyingine. Nitaingia chini mimi, wewe utasimamia kazi. Tukimaliza, andika tarehe kwa mkono wako tuibandike kwenye usukani. Nikiiandika mimi utabisha.

Kitindamimba wako