Unga wa Msiba Usiokuwepo

Mtua,
Nachingwea, Lindi.
22 Juni, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Masoudi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta hapo Moshi umekaa mahali penye joto, umejifunika kama daktari alivyokuagiza, na si kwamba umeshaanza tena kuongoza wageni mlimani. Vidole vinaendeleaje? Mama anaviulizia kila asubuhi, kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu vifaranga. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kidogo na baridi hii ya Juni, lakini sauti yake ni ile ile na bado anaitumia.

Najua utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaja mlima tu, wewe unaniuliza habari za mvua. Basi leo sikupi nafasi. Kaa chini usome mpaka mwisho, na Raudha wangu ataipeleka posta kesho akienda shule.

Ufuta umetoka vizuri mwaka huu, alhamdulillahi. Mikorosho yako tumeifyekea majani chini na imeshapuliziwa salfa mara ya kwanza. Aliyeshika mashine ni jirani yetu Amri, na alirudi nyumbani amekuwa wa njano mpaka kope. Umshukuru ukipata nafasi, maana mimi nimemshukuru mpaka amechoka kunisikia.

Sasa nikusimulie jambo ambalo nina hakika hakuna aliyekusimulia lote. Siku zile ulipokuwa huko Nepal, ujumbe wako wa mwisho ulisema mmeanza kupanda kuelekea kileleni. Baada ya hapo kimya. Raudha akaleta atlasi ya shule akatuonyesha milima yote ya dunia inayozidi mita elfu nane. Iko kumi na minne, na yote iko huko Asia, na huo Everest wenu ndio unaoizidi yote. Akapiga hesabu akasema Everest ni Kilimanjaro moja na nusu. Mama akauliza katika hiyo nusu ya juu kuna nini. Mtoto huyu, ambaye bado hajajifunza kunyamaza, akamjibu kwamba huko hewa haimtoshi mtu, na wako watu waliofia huko ambao hawajateremshwa mpaka leo. Tangu hapo mama akawa halali vizuri.

Asubuhi moja tulikuwa uani tunakung'uta ufuta kwenye turubai. Tukaona wanawake wanakuja kwa miguu kutoka barabarani, wamejitanda kanga, kila mmoja na beseni la unga kichwani. Wewe ni mtoto wa huku, sina haja ya kukueleza. Wanawake wageni, wamenyamaza, wamebeba unga: hao ni watu wanaokwenda msibani. Aliyetangulia alikuwa Mama Teodosia wa Chunyu, mama yake Bernardo mliyekwenda naye, ambaye tulionana naye mara moja tu siku ya kuwasindikiza. Alipomwona mama akaangua kilio. Mama hakuuliza kitu. Aliachia ungo, akakaa chini kwenye vumbi, akalia kwa jina lako.

Masoudi, sijui nilisimamaje siku ile. Mama Teodosia akadhani mama analia kwa furaha kama yeye, akapiga magoti akamkumbatia, wakalia pamoja kila mmoja na kilio chake. Majirani wakamiminika. Amri akalivuta lile turubai ili alifunge wageni wapate kivuli, na ufuta wote uliokuwa juu yake ukamwagika, kuku wakala kuliko walivyowahi kula. Baba mdogo Yunusi alikwenda moja kwa moja msikitini kwa Bakary mwadhini, na haukupita muda tukasikia kwenye kipaza sauti Innalillahi, na jina lako, na jina la marehemu baba yetu. Mimi nilikuwa natandika mikeka. Mikono ilikuwa inafanya kazi, lakini mwenyewe sikuwepo.

Kilichotuokoa ni neno moja. Mama Teodosia alisema, "Mungu amlipe Masoudi, amenirudishia mwanangu." Nikamuuliza amerudishwa na mtu aliye wapi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mwendawazimu. "Kwani hajawaambia? Yuko naye hospitali huko Kathmandu, wamelazwa chumba kimoja."

Ndipo tukakaa akatueleza aliyoambiwa na Bernardo kwa simu. Kwamba mlikuwa mmeshaivuka kambi ya mwisho na kilele mnakiona kwa macho. Kwamba Bernardo miguu ilimwishia, akaanza kumwita dada yake Koleta aliye Ruangwa amletee maji, kisha akavua glavu yake akisema anasikia joto, upepo ukaichukua. Kwamba wewe ulikuwa mbele yake, ukageuka. Ulimvisha glavu yako, ukakitoa kile kipande cha kanga ya mama ulichoahidi kukifunga kileleni, ukamzungushia uso. Kisha wewe na wale Masherpa wawili, wenyeji wa huko waliokuwa wanawaongoza, mkamteremsha kwa kamba. Mama Teodosia alidhani sisi tunayajua hayo yote kabla yake. Ule unga alikuja nao ili atupikie yeye mwenyewe kwa shukrani, maana hakutaka kwenda kwa watu mikono mitupu akawapikisha chakula chao. Alileta na jogoo mzima, tumchinje wenyewe. Mwanamke huyo ana adabu, na nimeshamwambia hivyo.

Kazi ikawa kwa Bakary. Maneno ya kutangaza kifo yapo, ameyazoea, lakini ya kutangaza kwamba mtu hakufa hakuwahi kufundishwa. Tulimsikia akikohoa kwenye kipaza sauti, akanyamaza, akakohoa tena. Mwishowe akasema, "Masoudi yupo. Mliokwisha kufika, msiondoke, kuna chakula." Basi msiba wako ulikuwa mzuri sana. Watu walikula, wakacheka, Waislamu na Wakristo wakaomba dua kila mmoja kwa namna yake, na mama alikuwa akicheka huku bado anajifuta machozi ya mwanzo. Mpaka leo watoto wa hapa wananiita dada wa marehemu.

Ulipopiga simu hatimaye, neno lako la kwanza lilikuwa kwamba mama asamehe, kitambaa chake hakikufika. Sikukujibu siku ile kwa sababu nilikuwa nalia. Nakujibu sasa. Nilimpa mama ujumbe wako kama ulivyo, naye akasema: "Kitambaa kilikuwa cha kumfunika mtu. Juu kule kingemfunika nani?" Kisha akarudi kwenye ufuta wake.

Raudha ananiambia umemwandikia kwamba msimu wa korosho hutakuja, kwamba utarudi Everest mwakani, na nyumbani utakuja ukishafika juu, kwa sababu huwezi kuwatazama watu waliokuombea dua ya safari. Mdogo wangu, ni nani anayekucheka? Labda kwa lile la kufa ukafufuka, na hilo utalivumilia. Baba mdogo Yunusi, ambaye siku zote alisema kupanda milima ni kazi ya watu wasio na mashamba, juzi nilimkuta dukani akiwaeleza watu jinsi kamba inavyofungwa barafuni. Alikuwa anakosea, nadhani, lakini alieleza kwa fahari.

Mimi sikukatazi mlima. Nakukumbuka wakati wanajenga mnara wa simu, mlinzi alipokukuta juu kabisa, na ulipoteremshwa ukamwambia ulitaka kuiona Ruangwa. Nimewafikiria sana hao wanaotoka nchi zote kwenda kwenye milima ile isiyo na kuni wala maji wala mtu wa kumsalimia, na sijapata sababu iliyo bora kuliko hiyo ya kwako ya utotoni. Wanataka kuona. Si vibaya. Ukitaka kurudi, rudi, tutakuombea tena.

Lakini uanzie nyumbani. Nakushukuru, Masoudi, na nalisema wazi kwa sababu sisi watu wa nyumba hii tumezoea kushukuru kwa kuongezeana mboga. Nakushukuru kwa kugeuka. Nakushukuru kwa ajili ya mama yule wa Chunyu, ambaye angeweza kuwa amekaa kwenye mkeka kama alivyokaa mama yetu asubuhi ile, na kwake pasingekuwa na wa kumwambia kwamba ni makosa. Nawashukuru na wale Masherpa wawili. Mama anawaombea kila swala bila kujua majina yao, kwa hiyo ukiyajua tuletee.

Jambo jingine. Unga wa Mama Teodosia haukuisha siku ile. Kilichobaki mama amekitia kwenye ndoo yenye mfuniko, ameiweka chumbani kwake, na hataki mtu aiguse. Anasema unga ule ulikuja kwa ajili yako, na wewe ndiye utakayeula. Nimemwambia unga haukai miaka, utaingia wadudu. Akasema anajua.

Baba mdogo Yunusi anakusalimu, na Amri, na Bakary, ambaye anaomba siku nyingine umpe taarifa mapema. Raudha anakuomba umletee jiwe lolote la huko. Msalimie sana Bernardo, na umwambie mama yake sasa ni mtu wa kwetu. Mwenyezi Mungu akuponyeshe, akupe njia nyepesi, na aifanye njia hiyo iishie Mtua.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hai kuliko nilivyokulilia,

Zulfa

Nimeifungua tena bahasha. Mama ameniuliza nimeandika nini, nikamsomea yote. Akasema ni maneno mengi, niongeze na lake moja tu: "Mwambie nimeshamlilia. Kilichobaki ni kumwona."