Nilibadili Maana ya Sifuri, Mjomba Akasikia Kinyume

Mshauri mpendwa,

Nipokee. Sijui kama jambo langu ni la safu yako au la mafundi wenzangu, lakini wenzangu nimeshawauliza na kila mmoja ana jibu lake, kwa hiyo nakuletea wewe usiyemjua yeyote kati yetu.

Mimi ni mwanamke, naandika programu za kompyuta, na sehemu niliyokabidhiwa ni kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya chini kabisa ambayo mtu wa kawaida haioni, inayoiambia betri, skrini na spika nini cha kufanya. Ndani ya kiini kuna mipangilio ambayo fundi anaweza kuiandikia namba, na mmojawapo ulinikera tangu nilipoajiriwa, ule unaosema kadi ya sauti, yaani kifaa kinachoipa spika sauti, ikae kimya sekunde ngapi ndipo ilale ili isile betri, ukiandika kumi inalala baada ya sekunde kumi, ukiandika tano baada ya tano, lakini ukiandika sifuri, mshauri, hailali kabisa! Watu wakawa wanaandika sifuri wakidhani italala papo hapo, kisha wanalalamika betri zinakufa, nami nikaona huu ni upuuzi wa waliotutangulia, nikauliza kikaoni kama kuna anayeitegemea sifuri hiyo, wote kimya, basi nikaibadili, sifuri ikawa kulala papo hapo, na asiyetaka ilale aandike hasi moja, nikaandika na tangazo zuri, mkuu wa kitengo akanipongeza, toleo jipya likatoka.

Sasa, nina mjomba, kaka wa mama yangu, fundi wa piano, aliyepofuka ukubwani kwa ugonjwa wa sukari, na kompyuta yake humsomea maandishi kwa sauti. Alipopoteza macho alikorofishana na wenzake wa karakana, wao walitaka apumzike kidogo, yeye akaona anafukuzwa kwa adabu, akawatolea maneno makali na kuondoka. Hasira ziliposhuka akawaandikia kuwaomba radhi na kuwauliza kama anaweza kurudi. Jibu lilipofika alikaa kwanza kimya mbele ya mashine ajipe moyo, ndipo akabonyeza, na sauti ikamsomea: "Tuna kinyongo nawe. Uamuzi ni wako."

Akafunga mashine. Hakumwambia mtu. Sisi tukawa tunaona tu kwamba chakula hakimshuki na hagombani tena na mtangazaji wa mpira, na ukimwuliza anasema ni baridi.

Juzi nilimtembelea, akanitamkia mwenyewe, "Mpwa wangu, wale wamenikataa." Sikuamini, maana nawafahamu, nikamwomba anisikilizishe. Akabonyeza, sauti ikasema vilevile, tuna kinyongo nawe, lakini mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake natazama skrini, na skrini iliandika "Hatuna".

"Mjomba, bonyeza tena, upesi."

"Ya nini? Unataka niumie mara mbili?"

"Bonyeza tu, nakuomba."

Akabonyeza. "Hatuna kinyongo nawe. Uamuzi ni wako."

Mjomba aliinamisha sikio kama anavyofanya akisikia uzi wa piano uliolegea. Kisha akabonyeza tena, na tena, mpaka nikamshika mkono.

Nilijua palepale kilichotokea. Kadi ya sauti ilikuwa imelala, na katika kuamka kwake ikameza silabi ya kwanza. Mara ya pili ilikuwa bado iko macho, maana mashine ilikuwa ingali ikisoma majina na tarehe chini ya barua, neno likatoka zima. Aliyemfungia mashine zamani aliandika sifuri ili kadi isilale, na toleo langu jipya lilipoingia katika mashine yake likaisoma sifuri ileile kinyume chake. Nikamweleza yote nikingoja anikaripie, naye akauliza tu, kwa udadisi wa fundi, "Kwa hiyo namba ni ileile, nyinyi ndio mliobadili maana yake?" Nikasema ndiyo. "Ajabu," akasema, na akaniuliza mengine mengi kuhusu kiini hicho kabla hajakumbuka kuwapigia wenzake. Mmoja wao akaja mchana uleule kumchukua, akisema walidhani yeye ndiye aliyewanunia, na sasa yuko kazini. Lakini siku hiyo, mjomba akiwa anavaa viatu aondoke, aliniuliza, "Na wengine wenye mashine kama yangu, hao nani atawatembelea?"

Swali hilo limeniganda. Mkuu wangu anasema tangazo lilitoka, asiyesoma shauri yake. Nikitaka kuirudisha sifuri ya zamani, kuna kiwanda cha redio za mkononi ambacho kimeshaandika sifuri kwa maana yangu mpya, nikirudisha redio zao zitamaliza betri. Nikiacha naumiza wa zamani, nikirudisha naumiza wapya. Tena nataka kujua, mshauri, hivi kitu kilichotengenezwa vibaya ni lazima kibaki kibaya milele kwa sababu tu kuna mtu amekizoea?

Ni mimi,
Mpwa wa Fundi Piano

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu,

Kwanza nilitaka kujua kama kweli silabi moja inaweza kufanya yote hayo. Nikamwomba fundi mitambo wa hapa ofisini atusomeshee barua za wasomaji kwa mashine, huku akikata sauti mwanzoni mwa kila sentensi. Mama aliyeandika "hatutaachana" tukamsikia akisema "tutaachana". Kijana aliyelalamika kwamba wakwe zake "hawatanisamehe" akawa anajigamba kuwa "watanisamehe". Ningejibu kwa kusikia tu, ningevunja nyumba za watu kabla ya chai ya saa nne. Lugha yetu hukataa mwanzoni kabisa mwa neno. Mashine yako imekata palepale.

Haya, sasa nikupe vidonge vyako.

Uliuliza kikaoni, wote wakanyamaza. Mjomba wako alikuwemo kikaoni? Wanaoitegemea namba yako hawaji vikaoni, wala hawajui kwamba kuna namba. Kitu chao kinafanya kazi, wakifungue watafute nini? Ukimya wao uliugeuza ruhusa. Na huyo mkuu wako mwambie hivi: hilo tangazo mjomba angesomewa na mashine ileile iliyomeza neno.

Lakini usijipige sana. Uliona watu wanakosea ukataka kuwasaidia, na wenye betri zinazokufa nao wana haki yao. Ulipoteleza ni pale ulipochukua neno ambalo watu walishalizoea ukalitia maana nyingine bila wao kuwa na habari. Kama ulikuwa na maana mpya, ungeitungia neno jipya. Herufi hazijaisha.

Umeuliza kama kibaya kibaki kibaya milele. Swali hili nimelala nalo na kuamka nalo. Ninavyoona, kibaya hicho kinamkera nani? Wewe unayekitazama kila siku. Kwa mjomba hakikuwepo kabisa, alikuwa anasikia barua zake basi. Kero hiyo ibebe wewe unayeiona, ndiyo kazi uliyoiomba.

Kwa hiyo fanya hivi. Mpangilio wa zamani urudi kwa jina lake na kwa maana yake, sifuri isilale, na usingoje toleo kubwa lijalo, weka katika marekebisho ya kwanza mtakayotoa. Huo wako mzuri upe jina jipya, humo sifuri iwe kulala papo hapo, na maelekezo yenu yamfundishe mgeni jina hilo jipya tu. Mtu akiandika majina yote mawili, mseme waziwazi lipi linashinda. Na ile hasi moja uliyoileta iache ifanye kazi hata kwenye jina la zamani, maana wapo waliolisoma tangazo lako wakakutii, usije ukawaadhibu kwa utii wao. Kisha weka jaribio litakaloendeshwa kila mnapotaka kutoa toleo: kadi ilale, isomeshwe sentensi, silabi ya kwanza isikike. Isiposikika, toleo lisitoke, hata aliyebadilisha awe mkuu wa wakuu.

Tumalize na hao wa redio. Unasema ukirudisha utawaumiza. Kwa nini, wakati una jina lao na simu yao? Nenda kwao kesho asubuhi, keti na fundi wao, mbadilishe pamoja mstari wao wenye sifuri utumie jina jipya, na redio ziwe tayari kabla hujatoa marekebisho yako. Watakununia kidogo. Vumilia, wana sababu. Lakini wale wengine huna simu zao. Kuna mtu mahali fulani amesikia kinyume, amenyamaza, na hatakuandikia kamwe, kwa sababu hajui kama kuna wa kumwandikia.

Unaowajua, waombe wahame. Usiowajua, warudishie chao.