Nyumba ya Ines Imependeza, Mama

Mama,

Jumamosi iliyopita tuliganduka. Msiba wako umeondolewa rasmi. Misa ilisomwa, ndugu zako waliteremka kutoka milimani na vikapu vyao vya maharage, watu walikula na kunywa, na shemeji Leopold, mtoto wako mkubwa, alisimama akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo tunaruhusiwa kucheka. Kusema kweli tulishaanza kucheka zamani. Usituhesabie vibaya. Wewe mwenyewe hukuweza kukaa saa nzima na uso uliokunjamana.

Nimeona nikuandikie sasa, kwa sababu mambo mengi yamepita juu ya vitu vyako, na sitaki uyasikie kwa watu wengine.

Unakumbuka nilivyofika kwako? Nilikuwa nimetoka Uvira na mfuko mmoja. Vita vilikuwa vimetutawanya, na ndani ya mfuko kulikuwa na nguo zangu chache na kitenge cha mama yangu mzazi, kimepasuka katikati. Mwanao Deo alinileta mtaani Jabe kunionyesha kwenu kabla ya ndoa, nami nikakusalimu kwa kukuita Mabukwe, kama mama mkwe anavyoitwa hapa Burundi. Ulikuwa unafuma krosheti. Hukuinua hata macho.

"Mabukwe ni ya wageni," ulisema. "Mi uniite Mama."

Siku iliyofuata uliniomba kile kitenge. Nilidhani unataka kukifanya tambara la kushikia sufuria, na sikuwa na ujasiri wa kukunyima. Ulikata ile sehemu iliyokuwa bado nzima, ukaipiga pasi, ukaitia ndani ya fremu ya mbao ambayo hapo mwanzo ilishika picha ya kalenda, kisha ukaitundika sebuleni kwako juu ya kabati. Nikasimama pale nikiangalia ndege waliochorwa kwenye kitenge cha mama yangu, wamekaa ukutani kama watu wenye kwao.

"Nyumba yenye haina kitu cha kwenu, utakaa mule kama mupangaji," ukaniambia. Nililia, nawe ukajifanya unatafuta mkasi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukaa karibu na mikono yako. Wengine sokoni walinunua masweta ya chagua, yale ya mitumba, ili wavae, wewe uliyanunua ili uyafumue. Ulikuwa unageuza sweta ndani nje, unatafuta uzi wa kwanza, halafu unavuta taratibu, na mimi nazungusha uzi kwenye mgongo wa kiti. "Usivute ivyo, Furaha! Uzi ni kama mutu, ukiuvuta sana unakuchukia." Makopo ya maziwa uliyavisha vitenge yakawa vyombo vya maua. Birika la zamani lililotoboka chini ulilipandia mnanaa. Mtu akija kukuambia ana ubatizo au harusi na hajui apeleke zawadi gani, ulimuuliza kwanza habari za yule atakayepewa: ana nywele za namna gani, anapenda kukaa ndani au barazani, anacheka kwa sauti au kwa kuficha mdomo. Mimi nilidhani ni umbea. Baadaye niliona kila zawadi ilivyotoka tofauti na mwenzake.

Halafu asubuhi moja moyo wako ukasimama, chai ikiwa bado ya moto kwenye kikombe chako. Hilo silielezi zaidi. Ulikuwepo.

Baada ya mazishi, Leopold alikuja Jabe kutoka kwake Rohero, akafungua milango yote ya nyumba yako akaanza kutoa vitu nje. Kabati la mbao za libuyu, viti vyako, sanduku la bati, magunia ya nyuzi, kila kitu kikarundikwa uani. Majirani walisimama kwenye lango. Nilimuuliza, "Shemeji, unafanya nini?" Akajibu kwa ukali, "Ni vitu vya zamani. Vichukuliwe, vitupwe, viunguzwe, mi sitaki kuviona." Na Ines, kitinda mimba wako, alikuwa amesimama pembeni, akaunga mkono. Unajua alivyokuwa. Tangu achumbiwe alitaka salon mpya ya sebuleni, viti vya ngozi vinavyong'aa kama vile vya madirishani mwa maduka ya mjini. Nilikasirika sana. Nilitaka kumwambia Leopold maneno ambayo mke wa mdogo wake hatakiwi kuyasema.

Deo alinishika mkono. "Ongea naye polepole," akasema. Basi nikamfuata Leopold ndani, nikamkuta ameinamia ukuta mahali kiti chako kilipokuwa. Alikuwa analia bila sauti. "Nikiingia, namuona ameketi," akaniambia. "Kila nikiingia, Furaha."

Hasira yangu ikaishia pale. Nikamwomba anipe mimi vitu hivyo, nami sitamlazimisha kuviona. Akakubali kwa kichwa. Deo akatafuta mkokoteni, tukavihamishia kwetu siku hiyo hiyo, na mvua, kama iliyokuwa inatusubiri, ikatukuta njiani. Mama, kabati lako lilianguka kwenye mtaro. Kioo cha mlango mmoja kilivunjika, mguu mmoja ukang'oka, na maji machafu yakaingia kwenye droo zote. Nilikaa juu ya sanduku la bati katikati ya ile mvua nikaona nimekuua mara ya pili.

Lakini libuyu ni mti mgumu. Niliacha kabati likauke vizuri kivulini, kama ulivyokuwa unafanya na vikapu. Nililisugua kwa msasa mpaka rangi ya kahawia iliyofifia ikatoka, na chini yake mbao ikaonekana ya manjano iliyoiva, yenye mistari. Sikupaka rangi nyingine. Nilipaka siraji tu, ile nta ya kung'arishia, nikasugua kwa kitambaa cha pamba mpaka mkono ukachoka. Mguu mpya alinichongea fundi wa hapa mtaani. Kuhusu kioo, sikukirudisha. Nilifuma kipande cha krosheti cheupe, nikakivuta ndani ya ule mlango badala ya kioo, nikakigongelea kwa misumari midogo. Ukifungua dirisha, mwanga unapita kwenye matundu na kuchora maua sakafuni. Deo alipoliona alikwenda kumwita jirani aje naye aone.

Sasa nikwambie habari ya Ines.

Ndoa yake na Fabrice tuliifanya bila makelele, kwa ajili yako. Fabrice ni mwalimu, amepata nyumba ya kupanga Ruziba, karibu na ziwa, ina hewa nzuri na kuta za saruji tupu. Vile viti vya ngozi havikuja. Hata bila makelele, harusi ilikula kila kitu, unajua harusi zetu. Hazikupita wiki nyingi, Ines akaja kwangu mchana, hakuvua hata viatu, akakaa sakafuni mbele ya kabati lako.

"Furaha, ile nyumba inanitisha," akasema. "Nikiongea, sauti inanirudilia. Fabrice akienda shuleni, natoka naenda kukaa kwa majirani." Halafu akasema kile alichokuwa amekuja kukisema: "Mama aliniahidi atanipambia nyumba na mikono yake. Nilimwambia sitaki vitu vya wazee."

Nilikwenda kufungua gunia ambalo nilikuwa sijamwonyesha mtu. Ndani kulikuwa na vile vipande vyeupe vya krosheti ulivyokuwa unavifuma kila jioni ukituambia ni "kazi tu". Sisi wote tulijua ni kifuniko cha kitanda cha Ines. Vilikuwa vingi, vimeunganishwa, lakini kilifika nusu ya kitanda tu. Ines akakikunjua, akakitandaza magotini, akalia kama mtoto mdogo. Mimi nikaenda kuchemsha chai, maana kuna kilio ambacho mtu anapaswa kuachiwa.

Tangu siku hiyo tukaanza kazi. Mchana nilipanda basi kwenda Ruziba, au yeye alikuja kwangu. Mapazia tuliyashona kwa mashuka yako ya zamani, yale yenye mistari ya buluu, tukayatia ukingo wa kitenge. Sanduku la bati tulilipaka rangi ya kijani, likawa meza ya sebuleni, viti vyako vikiizunguka. Fabrice aliokota mbao za dirisha la zamani mahali walipokuwa wanabomoa nyumba, akazisafisha, tukazisimamisha nyuma ya kitanda. Masahani yako ya bati la emaye, yale yaliyochubuka, yametundikwa jikoni ukutani, makubwa kwa madogo. Kabati nililipeleka kwake mwenyewe. Niliumia kidogo, sikufichi, lakini lilikuwa la binti yako, na nyumba yake ilikuwa na njaa kuliko yangu.

Kikabaki kile kifuniko. Nilitafuta uzi wako mweupe Jabe yote, hakuna. Nilipata mweupe mwingine, nikafuma kipande, nikakiweka kando ya chako: kilikuwa kama jino la bandia. Nikafumua. Nikajaribu kukaza mkono kama wewe, nikafumua tena. Ines akaniambia tuache, alale hivyo hivyo na nusu.

Ni Leopold aliyemaliza mambo. Jumapili moja alikuja Ruziba kumtembelea dada yake, na hakuwa anajua kwamba vitu vyako vimo mule. Ile ahadi yangu kwake nilikuwa nimeisahau kabisa, Mama. Aliingia, akasimama mlangoni. Aliangalia kabati, akaangalia sanduku, akaangalia mapazia yakipepea kwa upepo wa ziwani. Akauliza, "Ile birika iko wapi?" Ines akamwonyesha, iko dirishani, mnanaa umejaa. Akachuma jani, akalinusa, akakaa kwenye kiti chako. Tulipomweleza shida ya uzi, aliinuka akaenda kwenye gari, akarudi na sweta lako la buluu. Lile la kwendea misa ya alfajiri! Yule aliyetaka kila kitu kiunguzwe, kumbe alikuwa analitembeza kwenye gari lake tangu siku ya mazishi.

"Si alikuwa anafumuaga masweta?" akasema. "Mufumue."

Hakuna aliyetaka kuanza. Sweta lilikuwa bado na harufu yako, ile ya sabuni na moshi. Ines akasema hapana, yeye hawezi. Mwisho nililigeuza ndani nje, nikatafuta uzi wa kwanza begani, nikavuta taratibu. Leopold akanyoosha mikono yake mbele, yeye na suti yake ya Jumapili, uzi ukajizungusha kwenye viganja vyake. Tulifanya hivyo mchana kutwa. Alianza kutueleza jinsi ulivyomkimbiza na ufagio alipokata pazia kutengeneza bendera, na Ines alicheka mpaka akashika mbavu. Sweta lilipokwisha, hakuna aliyelia. Tulikuwa na mviringo mkubwa wa uzi wa buluu na njaa kali, Fabrice akaenda kununua mikeke ya kukaanga, wale samaki wa ziwani.

Kwa hiyo kifuniko cha Ines ni nusu cheupe, nusu cha buluu. Nusu yako imekazwa, sawasawa kama mistari ya daftari. Yangu imelegea kidogo, na mahali zinapokutana panaonekana wazi. Mwanzoni nilipaonea haya. Ines ndiye aliyesema pasifichwe, na kila mgeni akija anampeleka chumbani kumwonyesha hapo hapo, anapitisha kidole: "Hapa Mama aliishia, hapa Furaha akaendelea." Mimi natoka nje kila akianza.

Sherehe ya kuganduka ilifanyika kwake, Mama. Watu wote wa Jabe walikwenda mpaka Ruziba. Tulikuwa tumeshona vifuko vidogo vya vitenge kutoka kwenye mabaki yako, tukatia ndani ya kila kimoja kahawa kidogo, kila mgeni akaondoka na chake. Kufunga utepe ilikuwa kazi ya Leopold. Alifunga vibaya sana, ikabidi tufungue karibu vyote. Dada yako mkubwa alizunguka nyumba nzima akigusa kila kitu, halafu akakaa barazani, akasema kwa Kirundi kwamba nyumba hii ina mama.

Na jana Ines amekuja kwangu. Ana mimba, bado changa, mimi na Fabrice ndio tu tunajua, na sasa wewe. Ameniomba nimfundishe krosheti. Anataka mtoto avalishwe kitu alichokifuma yeye mwenyewe, hata kama ni soksi tu. Mikono yake ni mizito, Mama, sindano anaishika kama anachimba muhogo. Alifuma mstari mmoja, ukatoka umepinda kama njia ya kwenda Bugarama, naye akauinua juu akiutazama kwa furaha.

Basi pumzika. Huku tuko salama, tunakula, tunasameheana, na viti vyako vina watu. Nami nakuahidi hili: nitamfundisha binti yako mpaka ajue, na akikosea sitamfumulia kazi yake mbele ya wageni, kama ulivyokuwa unanifanyia mimi.

Furaha