Kanga ya Dada Yako Haijafika

Hapana, bibi, sikuimaliza. Uliniuliza mpaka siku ya mwisho, "Ile likizo yangu umeimaliza?" na mimi nikawa najichekesha tu. Sasa nakujibu vizuri: niliikatishia Lichinga, na ingekuwa leo ningeikatisha tena.

Najua hujui kusoma. Na mimi mjukuu wako niliishia darasa la nne, kwa hiyo tumelingana. Nikifunga meza yangu ya mitumba hapa Ruangwa nitakuja Ruponda nikusomee barua hii hapo ulipolala.

Unakumbuka ilivyoanza? Nilikwambia nimechoka, toka nizaliwe sijapumzika, wenye kazi zao wanaenda likizo. Ukauliza, "Likizo ndo ugonjwa gani?" Nilipokueleza ulicheka mpaka ugoro ukamwagika. Ukasema, "Basi nenda Msumbiji, mume wangu, ukanitembelee kwetu. Miguu yangu imegoma, nitumie yako." Ukatoa doti yako mpya ya kanga, ukaikata katikati. Kipande kimoja chako, kimoja cha dada yako Fatu kule Mandimba. Nikakusomea maandishi yake: "Jirani acha umbea." Ukakataa kabisa. "Uongo! Imeandikwa Mume wangu hana mfano. Darasa la nne wewe, utasoma nini?"

Nikavuka daraja la mpakani, nikafika Lichinga kwa binamu. Bibi, nilipumzika! Nalala mpaka jua linanitoa kitandani. Ndo korona ikaingia. Redio zote wimbo huo huo, na watu wanasema mpaka utafungwa, atakayebaki ndo kabaki. Binamu akasema, "Kaa bwana, Mandimba si hapo tu, kanga ifike." Na mimi nilitaka kukaa. Nikirudi, safari yako imekufa. Nisiporudi na mpaka ukafungwa, nani atakuletea ugoro?

Nikakupigia unichagulie. Nilijua utakavyopokea, maana siku zote ni yale yale: "Nimekufa jana, mbona hujaja kunizika?" Nami nakuuliza, "Sasa hii simu unayoongelea ya nani?" Unasema, "Nimeazima ya malaika, sema haraka, salio lake linaisha." Siku ile ukasema pole pole, "Mimi mzima wa afya, baba. Tembea tu, usiwe na wasiwasi."

Baba! Toka lini mimi baba? Miaka yote uliposema umekufa, nilijua mzima. Siku uliposema mzima, nikajua mgonjwa. Nikafunga begi.

Mpakani wakanielekezea kale kamashine ka kupima joto kwenye paji la uso kama bastola, nikanyoosha mikono juu. Askari alicheka. Mimi nilikuwa nakuwaza wewe.

Nafika Ruponda, shangazi kakukalisha mlangoni, miguu imevimba kama mihogo, pumzi inakatika katika. Kumbe uliwakataza wote wasiniambie. Sikusogea. Nilikaa kule upande wa jikoni na barakoa yangu, nisije nikakuletea huo ugonjwa wa watu. Ukaniita kwa kile kisauti ulichobakiwa nacho: "Ndo mume gani huyu anakaa mbali na mke?" Nikalia, bibi. Nikasingizia moshi.

Nilipojiona sina ugonjwa, nikasogea. Nikakurudishia kipande cha Bibi Fatu, ukavaa vyote viwili, ukasema leo bibi harusi. Uji ulikuwa unaunywa kwa mkono wangu tu, eti wa shangazi una sumu, na shangazi yupo hapo hapo anasonya. Muda wenyewe ulikuwa mfupi. Ila ulikuwa wetu.

Huku sasa hivi nyumba yako imekandikwa upya. Yule mbuzi wako mkorofi kazaa mapacha, wote wamerithi. Mpaka ulishafunguliwa zamani. Walipogawa nguo zako niliomba kipande kimoja cha ile kanga. Shangazi akasema, "Mwanaume na kanga wapi na wapi?" Nikamwambia ya mke wangu. Watu wakacheka, halafu shangazi akanikabidhi.

Simu siizimi. Ikiingia namba nisiyoijua, moyo unaruka: malaika huyo.

Sasa, mke wangu, lala, ila kwanza tupatane kibiashara. Mimi, msimu wa ufuta ukipita, nakwenda Mandimba kuimalizia likizo yako. Kanga namfunga Bibi Fatu kwa mikono yangu mwenyewe, na akiuliza imeandikwa nini, nitamsomea ulivyosoma wewe. Na wewe huko kaa na babu, sina wivu. Ila siku nikija, usije ukaniita baba.

Kama umekubali, nyamaza hivyo hivyo.